Kupiga picha mianga ya kaskazini ukiwa Irving, Texas

Usiku wa Ijumaa tarehe 10 Mei mwaka 2024, wakazi wa kaskazini mwa jimbo la Texas nchini Marekani walitoka nje ya nyumba zao na kuelekeza simu upande wa kaskazini. Wengi hawakuona kwa macho zaidi ya wekundu hafifu juu ya paa za nyumba, mfano wa moto wa nyika unaowaka mbali. Lakini picha zilizotokea kwenye vioo vya simu zilikuwa na anga la waridi na zambarau.

Huko ilikuwa saa tatu na saa nne za usiku. Afrika Mashariki kulikuwa kunapambazuka siku ya Jumamosi.

Picha za namna hiyo zinapomfikia ndugu aliyeko Nairobi, Mwanza au Bukavu, swali la kwanza huwa ni moja: je, ni za kweli, au zimetengenezwa kwa kompyuta? Swali hilo lina haki yake. Texas inajulikana kwa joto, mafuta na ng'ombe. Mianga ya kaskazini inajulikana kuwa mali ya Norway, Iceland na Alaska.

Picha zilikuwa za kweli, na aliyesema hakuona kitu naye alisema kweli. Makala haya yanaeleza jinsi mambo hayo mawili yanavyopatana, na jinsi mtu anayeishi Irving anavyoweza kujiandaa kwa usiku mwingine wa aina hiyo, ukiwemo usiku wa baridi kali.

Irving ni mji wenye wakazi zaidi ya 250,000, ulio kati ya Dallas na Fort Worth. Sehemu ya uwanja mkubwa wa ndege wa Dallas-Fort Worth imo ndani ya mipaka yake, na kwa Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongo wengi huo ndio mlango walioingilia Texas.

Mianga hii ni nini?

Jua halitoi mwanga na joto pekee. Hutoa pia upepo usiokoma wa chembechembe zenye umeme, na mara kwa mara hulipuka na kurusha angani wingu zima la chembechembe hizo, likiwa limebeba sumaku yake. Wingu likielekea upande wetu hufika baada ya siku moja hadi tatu. Yale yenye kasi kubwa hufika kabla ya saa 20 kutimia.

Sumaku ya dunia ni ngao dhidi ya wingu hilo. Lakini sumaku ya wingu ikiwa imeelekea kusini, kinyume na ile ya dunia, ngao hupata ufa. Nishati huingia, hujikusanya upande wa dunia ulio gizani, kisha elektroni husukumwa kwa nguvu kufuata mistari ya sumaku hadi kwenye hewa ya juu, kuizunguka ncha ya kaskazini na ya kusini mithili ya pete.

Elektroni hizo hugonga atomi za oksijeni na molekuli za naitrojeni, nazo hung'aa. Rangi ya kijani hutoka kwa oksijeni iliyo katika kimo cha kilomita 100 hadi 150. Rangi nyekundu hutoka kwa oksijeni hiyo hiyo, lakini juu zaidi, kilomita 200 hadi 400, ambako hewa ni nyembamba mno. Atomi inayotoa mwanga huo mwekundu huhitaji karibu dakika mbili kabla ya kuutoa. Chini zaidi, ambako hewa ni nzito, atomi hugongana na nyingine kabla muda huo haujatimia, na wekundu haupatikani.

Hapa ndipo ilipo siri ya Texas. Kwa kuwa dunia ni mviringo, kitu kilicho katika kimo cha kilomita 110 hutoweka nyuma ya upeo wa macho mara tu unapokuwa mbali nacho kwa zaidi ya kilomita 1,200 hivi. Kilicho katika kimo cha kilomita 300 huendelea kuonekana hadi karibu kilomita 1,900. Mtu wa Irving kwa hiyo anaweza kuona sehemu ya juu ya mianga iliyotanda juu ya Nebraska au Dakota Kusini, ilhali kijani chake kimefichwa na mgongo wa dunia au kimelala chini kabisa penye vumbi na taa. Mtu wa Nebraska hutazama pazia zima. Yule wa Texas huonyeshwa upindo wake wa juu tu, nao ni mwekundu.

Kwa nini Texas, na si Mombasa?

Tripoli, mji mkuu wa Libya, uko karibu umbali ule ule kutoka ikweta kama Irving, nyuzi 33 hivi kaskazini. Hata hivyo mianga hii haiigawi miji hiyo miwili kwa usawa. Mhimili wa sumaku ya dunia umeinama, na ncha yake ya kaskazini imeelekea upande wa Amerika Kaskazini. Ukipima kwa sumaku badala ya ramani ya kawaida, Irving iko nyuzi 41 hivi na Tripoli nyuzi 33. Nyuzi nane hizo ni kama kilomita 900, na katika jambo hili kilomita 900 ni nyingi.

Afrika Mashariki iko karibu kabisa na ikweta ya sumaku, ambayo hupita juu ya Ethiopia. Huko mistari ya sumaku imelala sambamba na ardhi, haishuki kuingia hewani, na hivyo haina njia ya kuzifikisha elektroni. Mkazi wa Mombasa hana haja ya kukesha. Barani Afrika wenye bahati ni watu wa kusini kabisa: katika dhoruba ile ya Mei 2024 mianga ya ncha ya kusini ilionekana Afrika Kusini.

Hilo halina maana kwamba dhoruba za jua hazitugusi. Waliokua wakisikiliza matangazo kwa masafa mafupi wanaikumbuka siku ambayo sauti ya mtangazaji ilizama ghafla mchana kweupe, betri zikiwa mpya na redio haina ubovu. Mlipuko mkubwa kwenye jua unaweza kuyafuta masafa mafupi kwa dakika kadhaa hata saa, na athari huwa kubwa zaidi pale jua linapokuwa utosini. Na katika ukanda wa ikweta ya sumaku, mara tu baada ya magharibi, tabaka la juu la hewa huchafuka na kuifanya mawimbi ya setilaiti kumetameta kama nyota, kiasi cha kuvivuruga vipimo vya mahali. Katika dhoruba ya Mei 2024 wakulima wa Marekani waliokuwa katikati ya kupanda mahindi walilazimika kusimamisha matrekta yanayoongozwa kwa setilaiti.

Tarehe za kukumbukwa

Mwishoni mwa Agosti na mwanzoni mwa Septemba 1859 ilitokea dhoruba kubwa kuliko zote zilizoandikwa kwa kina. Mianga ilionekana Galveston, kwenye pwani ya Texas, na hata Cuba, na mitambo ya telegrafu ikatoa cheche. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba nyingine iliangusha umeme katika jimbo la Quebec nchini Canada. Watu wapatao milioni sita walikaa gizani kwa saa tisa hivi, na usiku huo wekundu ulionekana hadi Texas na Florida.

Baada ya hapo zilikuja dhoruba za mwisho wa Oktoba 2003. Kisha ikapita zaidi ya miaka 20 bila dhoruba ya ukubwa huo.

Kituo cha serikali ya Marekani cha kutabiri hali ya anga za juu, kilichoko Boulder katika jimbo la Colorado, hupima dhoruba hizi kwa ngazi tano, kuanzia G1 hadi G5. Ile ya Mei 10, 2024 ilifika G5, ya kwanza tangu 2003. Miezi mitano baadaye, usiku wa Oktoba 10, 2024, dhoruba ya ngazi ya G4 ilileta tena rangi kaskazini mwa Texas, na jambo hilo likarudi Novemba 11, 2025. Kwa anayeishi Irving, G1 na G2 si habari. G3 ni ya kukaa macho. G4 ni ya kuwasha gari.

Jua lina mzunguko wa miaka 11 hivi wa kuchangamka na kutulia, na mnamo Oktoba 2024 wataalamu wa Marekani walitangaza kwamba limeingia katika kipindi cha kilele. Kushuka kutoka kileleni hakuzuii dhoruba kubwa. Zile za 2003 zilikuja wakati kilele cha mzunguko wa enzi hiyo kilikuwa kimekwisha kupita.

Jicho na kamera

Turudi kwenye swali la ndugu wa Mwanza. Ndani ya jicho la binadamu kuna aina mbili za chembe za kupokea mwanga. Zile zinazotambua rangi huhitaji mwanga wa kutosha. Zile zinazofanya kazi gizani hazitambui rangi, na udhaifu wao mkubwa ni kwenye wekundu. Mianga inayoonekana Texas ni hafifu, tena ni myekundu. Jicho limepewa mtihani ambao halikuumbiwa.

Kamera haina ubovu huo. Ikiachwa wazi kwa sekunde kumi hukusanya mwanga wa sekunde kumi, ilhali jicho hulipokea lile la sasa na kulisahau lililopita. Rangi iliyo kwenye picha ilikuwapo angani kweli. Kilichokuwa kidogo ni wingi wake.

Kwa sababu hiyo usikate tamaa ukitazama kaskazini na kuona kijivu tu, au kitu kinachofanana na wingu jembamba lenye milia iliyosimama. Piga picha moja ya majaribio. Watu wengi wa Texas waliikosa Mei 2024 kwa kuwa walichungulia dirishani wakiwa na taa nyuma yao, wakarudi kulala.

Mahali pa kusimama

Kosa la kawaida la mkazi wa Irving ni kukimbilia giza lolote lililo karibu bila kujali upande. Mianga itakuwa kaskazini na chini, labda kimo cha ngumi mbili au tatu juu ya upeo wa macho. Ukienda kusini, tuseme Waxahachie, utapata giza zuri juu ya kichwa chako, lakini mbele yako, pale pale unapopahitaji, zitakuwa taa za Dallas na Fort Worth zote kwa pamoja. Kanuni ni kuliacha jiji mgongoni.

Kutoka Irving kwenda kaskazini si safari fupi. Uko uwanja wa ndege wenyewe, kisha Coppell, Lewisville na Denton, vitongoji vilivyoungana kama shanga. Giza huanza kuwa giza baada ya Denton, kuelekea Ziwa Ray Roberts, au ukiendelea hadi Gainesville karibu na mpaka wa Oklahoma.

Njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu ni bora, ni kushika barabara kuu ya 287 kutoka Fort Worth kwenda kaskazini-magharibi hadi Decatur. Kaskazini mwa mji huo kuna ardhi ya nyasi ya taifa iliyopewa jina la Rais Lyndon B. Johnson, karibu hekta 8,000, ambayo ni mali ya umma. Mwenye usiku mzima na tangi lililojaa anaweza kufuata barabara hiyo hiyo kupita Wichita Falls hadi Quanah, kiasi cha kilomita 300 kutoka Dallas. Karibu na hapo ipo hifadhi ya Copper Breaks, iliyotambuliwa kimataifa tangu 2014 kwa ubora wa giza lake.

Wakazi wa Houston wana kazi ngumu zaidi. Mji wao uko karibu kilomita 340 kusini zaidi, hewa yake ina unyevu wa bahari, na kaskazini mwa jiji hilo kuna msitu wa misonobari unaoziba upeo wa macho.

Sasa jambo lisilohusu kamera. Sehemu kubwa mno ya ardhi ya Texas ni mali ya watu binafsi. Ukiona mti au nguzo ya uzio imepakwa rangi ya zambarau, hilo si pambo: kwa sheria ya jimbo ni sawa na kibao cha kukataza kuingia. Mwenye shamba anaweza kuwa na silaha, na mgeni anayesimama gizani pembeni ya uzio wake akiwa na kifaa chenye miguu mitatu anaweza kudhaniwa kuwa kitu kingine. Mtu mweusi, mwenye lafudhi ya mbali, hana sababu ya kulichukulia hilo kwa wepesi. Simama mahali pa umma, nendeni wawili au zaidi, mwambie mtu aliyebaki nyumbani mlipo, na polisi akija weka mikono inapoonekana na umweleze unapiga picha ya anga. Hifadhi nyingi za jimbo hufunga lango usiku kwa asiyelala humo, kwa hiyo nafasi ya kambi iwekwe mapema. Na kwenye ardhi ya nyasi ya Decatur kuna msimu wa uwindaji.

Kamera na simu

Stendi yenye miguu mitatu ndiyo kifaa cha kwanza, kabla hata ya kamera nzuri. Picha itachukua sekunde kadhaa na hakuna mkono wa binadamu unaotulia kiasi hicho, sembuse unaotetemeka kwa baridi. Asiye na stendi aegemeze simu kwenye jiwe, au juu ya paa la gari ambalo injini yake imezimwa.

Kwa mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha, lenzi pana inafaa zaidi, ikiwa imefunguliwa kadiri inavyoweza, f/2.8 au chini ya hapo. Anza na ISO 1600 na sekunde 10. Picha ikiwa nyeusi panda hadi ISO 3200 au sekunde 15. Wapiga picha wa Norway hupendelea muda mfupi zaidi kwa sababu kijani chao hucheza na kukimbia, na muda mrefu hukifanya kiwe uji. Wekundu wa Texas ni mpole, husogea taratibu, na huvumilia sekunde 15 hata 20. Ukizidisha hapo, nyota zenyewe zitaanza kuchora mistari.

Kulenga kunawashinda wengi. Kamera ikiachiwa ijilenge yenyewe gizani itahangaika na kukata tamaa. Iweke kwenye kulenga kwa mkono, kuza nyota angavu kwenye kioo cha nyuma, zungusha lenzi mpaka nyota iwe nukta ndogo kabisa, kisha usiiguse tena. Usiamini alama ya umbali usio na mwisho iliyochorwa kwenye lenzi. Mara nyingi hupitiliza.

Mizani ya rangi isiachwe ijiamulie yenyewe, kwani kamera huweza kuudhania wekundu kuwa kosa na kuufuta. Kiwango cha kati ya 3500 na 4000 kinafaa. Tumia faili ghafi kama kamera yako inaziruhusu, zima mwako, na tumia kihesabu cha sekunde mbili ili kidole kisitikise chochote.

Simu za miaka ya karibuni zina hali ya usiku inayofanya mengi ya hayo bila kuulizwa. Ikiwekwa kwenye stendi, nyingine hurefusha muda hadi sekunde 30. Tumia lenzi kuu, usikuze, na punguza mwanga wa kioo kadiri uwezavyo, kwa kuwa macho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na kioo cha simu huiharibu nusu saa hiyo kwa sekunde moja.

Weka kitu cha nchi ndani ya picha: mti, kinu cha upepo cha kuvutia maji, tangi la mji mdogo. Wekundu mtupu bila ardhi hauonyeshi kwamba ni Texas.

Baridi

Ni vyema kusema wazi kwamba baridi haileti mianga. Dhoruba za Mei na Oktoba 2024 zilikuja nyakati ambazo mtu wa Texas anatembea na fulana. Takwimu za miaka mingi zinaonyesha kwamba sumaku ya dunia huvurugika zaidi karibu na Machi na Septemba, wakati usiku na mchana vinapolingana, kuliko katikati ya majira ya baridi.

Majira ya baridi yana faida nyingine. Mnamo Desemba usiku wa Irving hukaribia saa 14, na hivyo dhoruba ikifika ina nafasi kubwa zaidi ya kukuta giza. Tena kuna upepo wa kaskazini unaoshuka kutoka nyanda za Canada bila mlima wa kuuzuia. Aliyekulia Lamu au Zanzibar akisikia kaskazi huwaza joto na majahazi yanayoingia. Kaskazi ya Texas ni ndugu wa jina tu: inaweza kuangusha joto kwa nyuzi kumi na zaidi kwa saa chache. Lakini ikishapita hufagia unyevu na vumbi, na usiku unaofuata anga huwa safi hadi chini kabisa kwenye upeo wa macho, mahali ambapo wekundu hukaa. Usiku wa kujinyima joto ndio mara nyingi usiku wa picha.

Mnamo Februari 16, 2021 kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Dallas-Fort Worth kilishuka hadi karibu nyuzi 19 chini ya sifuri. Hiyo ilikuwa nadra, lakini usiku wa kuganda huja kila mwaka.

Baridi hupunguza nguvu za betri. Betri iliyojaa huweza kuonekana imekwisha baada ya nusu saa, kisha ikarudiwa na uhai ikipata joto. Beba mbili, na ile ya akiba ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili. Simu nayo irudi mfukoni kati ya picha na picha. Kioo cha lenzi huweza kushika ukungu au barafu nyembamba. Usikifute kwa pumzi, kwani pumzi ndiyo unyevu wenyewe. Kifuko kidogo cha kupasha joto, kile cha kuweka ndani ya glavu, kikifungwa kwa mpira kando ya lenzi huzuia hilo.

Hatari kubwa kwa kamera huja wakati wa kurudi. Ukiingia nayo moja kwa moja kwenye nyumba yenye joto, maji yatajitokeza juu yake na ndani yake, kama yanavyojitokeza kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye barafu. Ifunge ndani ya mkoba au mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, na uiache humo saa moja au mbili ipate joto taratibu. Toa kadi ya picha kabla ya kuufunga, la sivyo hamu itakushinda.

Kwa mwili, anza na miguu. Mpiga picha hasogei, na baridi humpanda kutoka ardhini. Soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana ni mbaya kuliko soksi moja nzito ndani ya kiatu kilicholegea.

Na barabara. Texas haina mazoea ya barafu. Alfajiri ya Februari 11, 2021, kwenye barabara kuu ya 35W mjini Fort Worth, magari zaidi ya 130 yaligongana juu ya barafu nyembamba isiyoonekana, na watu sita wakafariki. Ni barabara hiyo hiyo inayompeleka mtu wa Fort Worth kuelekea Denton, na pia kwenye njia ya Decatur. Madaraja hutangulia kuganda kwa sababu hewa baridi huyapita juu na chini. Kukiwa na tangazo la mvua ya barafu, piga picha kutoka sehemu ya juu kabisa ya maegesho ya jengo unaloishi, hata kama taa zitaharibu nusu ya picha.

Kuisoma tahadhari

Kituo cha Boulder hutoa tahadhari siku moja hadi tatu kabla, lakini hiyo ni dalili tu kwamba wingu limeondoka kwenye jua. Hakuna ajuaye sumaku yake imeelekea wapi hadi litakapovifikia vyombo vilivyowekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani upande wa jua. Kuanzia hapo hubaki dakika 15 hadi saa moja.

Katika takwimu zinazotolewa bila malipo kuna mstari unaoitwa Bz. Ukiwa juu ya sifuri, ngao imefungwa. Ukishuka chini ya sifuri na kukaa huko kwa muda mrefu, tuseme kwenye 20 chini ya sifuri au zaidi, ngao ina ufa. Dhoruba nyingi zilizotangazwa kwa kishindo huishia hewani kwa sababu mstari huo ulibaki juu. Anayetoka zamu ya usiku hospitalini au ghalani, na ambaye hana anasa ya kukesha bure, atazame mstari huo kabla hajatoka kitandani.

Mwezi nao uulizwe. Mei 2024 ulikuwa mchanga na ulitua mapema. Mwezi mpevu ungeumeza wekundu mwingi wa usiku ule.

Picha ya kweli

Si kila wekundu wa kaskazini ni mianga. Taa za mji mdogo zikigonga wingu hutoa rangi ya chungwa, na moshi wa nyasi zinazoungua hufanana sana. Jaribio ni rahisi: piga picha ya pili ukielekea kusini, kwa vipimo vile vile. Ikiwa nayo ni nyekundu, shuku. Kisha piga ya kaskazini tena baada ya dakika tano. Taa za mji hazihami. Mianga huhama.

Katika kuirekebisha picha, kuongeza mwanga kidogo na kuondoa chengachenga hakuna ubaya. Kuikoleza rangi mpaka anga la Denton lifanane na la Tromso ni kutia chumvi, na ndiko kunakowafanya walioko nyumbani wasiamini hata ile ambayo haijaguswa. Unapoituma, andika mahali, saa, upande uliotazama, na muda ambao kamera ilikuwa wazi. Andika pia ulichokiona kwa macho.

Maelezo hayo yana mpokeaji mwingine. Mradi wa Aurorasaurus, unaoshirikiana na shirika la anga la Marekani, NASA, hukusanya taarifa za watu wa kawaida kuhusu wapi mianga imeonekana, ili kulinganisha na ramani za utabiri. Texas iko pembezoni mwa ramani hizo, mahali ambapo utabiri hukosea zaidi, na mradi huo hupokea hata taarifa ya mtu aliyesimama kwenye baridi, akatazama kaskazini, na hakuona kitu.